Bondi Isiyokatwa Ushuru na Akiba Ndogo ya Gusii

Oktoba ni mwezi wa bonasi ya majani chai katika milima ya Kisii na Nyamira. Viwanda kama Kebirigo, Nyansiongo, Sanganyi, Nyamache na Ogembo huwalipa wakulima malipo ya mwisho ya mwaka, na mara nyingi pesa hizo huingia katika simu ileile inayopokea zinazotumwa na watoto walioko Minnesota au Texas. Karo, mbolea, deni la dukani na mchango wa mazishi huchukua sehemu kubwa. Kinachobaki huenda kikawa elfu ishirini, pengine hamsini, na hapo ndipo simu za usiku kati ya Keroka na Minneapolis hurefuka: kiwekwe wapi?

Walioko ng'ambo wamezoea akaunti za akiba zisizotozwa ushuru. Uingereza ina ISA tangu 1999, Kanada ina TFSA tangu 2009, na Marekani ina Roth IRA tangu 1998. Kenya haina akaunti ya jumla ya namna hiyo. Riba ya benki hukatwa asilimia 15 kabla haijamfikia mwenye pesa. Mapato ya mifuko ya soko la fedha, inayopokea hata shilingi mia chache kwa simu, hukatwa kiasi hicho hicho. Gawio la hisa za Sacco hukatwa asilimia 5. Bondi za kawaida za serikali hukatwa asilimia 15, au 10 zikiwa za miaka kumi na zaidi.

Kinachosalimika ni bondi ya miundombinu. Serikali ilianza kuuza bondi za aina hiyo mwaka 2009 ili kugharamia barabara, maji na nishati, na ikaondoa ushuru kwenye riba yake ili kuwavutia wawekezaji.

Mauzo ya Februari 2024 yanaonyesha uzito wa msamaha huo. Benki Kuu ilitafuta shilingi bilioni 70 kwa bondi ya miaka minane na nusu. Maombi yakazidi bilioni 288. Riba ilitua kwenye asilimia 18.46. Aliyeweka 100,000 alijihakikishia takriban 18,460 kwa mwaka, zikilipwa kwa awamu mbili, Februari na Agosti. Ushuru wa asilimia 15 ungemwondolea kama 2,770, na hizo si chache kwa anayenunua mbolea kwa mfuko mmoja mmoja. Viwango vimeshuka tangu wakati huo, lakini hesabu ya kulinganisha ni ileile: asilimia 10 isiyokatwa ushuru ni sawa na karibu asilimia 11.8 inayokatwa 15. Mfuko unaotangaza 13 bado unaishinda bondi hiyo hata baada ya kukatwa. Neno "bila ushuru" peke yake halitoshi kuamulia.

Shida kubwa kwa mkulima ni kiwango cha kuingilia. Kwa miaka mingi bondi hizi zimedai angalau shilingi 100,000, wakati bondi za kawaida zilianzia 50,000. Serikali ilijaribu kulegeza sharti hilo Machi 2017 kwa bondi ya M-Akiba: mtu alijisajili kwa simu kupitia *889#, akanunua kuanzia shilingi 3,000, akapata riba ya asilimia 10 kwa mwaka isiyokatwa chochote. Hiyo ndiyo iliyolingana na mfuko wa mchuma chai, na ilistahili kudumu. Badala yake, toleo kuu la mwaka huohuo lililotafuta bilioni moja liliuza sehemu ndogo tu.

Leo ununuzi wenyewe umekuwa rahisi. Tangu 2023, mfumo wa DhowCSD wa Benki Kuu humwezesha Mkenya kufungua akaunti ya dhamana kwa simu au kompyuta, akiwa Nyamira au Dallas, mradi ana kitambulisho, PIN ya Mamlaka ya Mapato (KRA) na akaunti ya benki nchini. Njia inayofaa wenye akiba ndogo ni kulimbikiza kwanza kwenye mfuko wa soko la fedha au Sacco, kisha kuhamia bondi kiasi kikitimia. Pesa za karo ya Januari zisiguse bondi: anayelazimika kuiuza kabla ya kuiva huenda akapata pungufu ya alichoweka.

Kwa mhamiaji, kuna jambo ambalo mawakala hulitaja kwa nadra. Msamaha wa Kenya unaishia Kenya. Raia wa Marekani au mwenye kadi ya kijani hutakiwa kutangaza mapato yake ya dunia nzima, riba hiyo ikiwemo, na akaunti zake za nje zikizidi jumla ya dola 10,000 wakati wowote wa mwaka, lazima aziripoti. Kwake, Roth IRA yaweza kumpa nafuu kubwa kuliko bondi ya Nairobi. Mzazi anayeishi Nyamira ndiye anayefaidi msamaha wote, ikiwa pesa ni zake kweli na akaunti iko kwa jina lake.

Hata msamaha wenyewe umewahi kutikiswa. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka riba ya bondi za miundombinu ianze kutozwa ushuru, kabla ya Rais Ruto kukataa kuutia sahihi mnamo Juni 26 kufuatia maandamano ya vijana. Kwa hiyo kila toleo jipya linastahili kusomwa upya: waraka wa mauzo kwenye tovuti ya Benki Kuu hutaja kiwango cha chini, tarehe za riba, na kama ushuru utakatwa.