Shuka Hadi Kwenye Maoni

Ukifungua blogu, tazama tarehe kabla ya kichwa cha habari. Makala mpya hukaa juu na za zamani husukumwa chini, kama risiti zinavyochomekwa kwenye msumari wa dukani. Jina lenyewe lilianza mwaka 1997 kama weblog, na log ni daftari la nahodha, lile la kuandika mwendo wa chombo siku kwa siku. Mwaka 1999 ikaja huduma ya Blogger, na baada ya hapo mtu asiyejua kuunda tovuti akaweza kuwa na ukurasa wake bure, bila mhariri wa kumkata maneno.

Hapo ndipo msomaji anapoingia, kwa sababu pasipo mhariri kosa hupita. Zamani nilikuwa na blogu ya mapishi. Nikaandika kwamba wali wa nazi hutiwa tui zito tangu mwanzo. Usiku uleule mama mmoja wa Maskati akaandika chini: “Mwanangu, hilo litakatika. Chemsha mchele kwa tui jepesi, zito litie wali ukianza kukauka, kisha upalie.” Nilirekebisha, nikaliacha na neno lake pale. Waliokuja baadaye walikuwa wakisoma neno lake kwanza, mimi nafuata.

Mfano mkubwa zaidi uko Kenya. Desemba 30, 2007, matokeo ya urais yalipozua ghasia, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Ory Okolloh, mwanasheria aliyeandika blogu ya Kenyan Pundit, akawaomba wasomaji wamletee waliyoyaona mitaani kwao. Maoni yakamiminika hadi yakamshinda mtu mmoja kuyapanga. Mwanzoni mwa Januari 2008 akaandika: hakuna fundi wa kutengeneza ramani ya kuonyesha wapi kumetokea nini? Wakaitika watu waliokuwa wakisomana, miongoni mwao Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia. Baada ya siku chache tu ramani hiyo, waliyoiita Ushahidi, ikawa hewani, ikipokea taarifa kwa intaneti na kwa ujumbe wa simu. Miaka miwili baadaye programu hiyohiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko. Mbegu yake ilikuwa sehemu ya maoni, ambayo wengi wetu hatushuki kuifikia.

Tanzania kuna jambo la kuzingatia. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu awe na leseni, ada zake kwa jumla zikafika shilingi milioni 2.1. Wapo waliofunga milango. Na mwenye blogu huweza kuwajibishwa pia kwa maneno ya wageni anayoyaacha ukurasani, kwa hiyo maoni yako yakikaa saa kadhaa kabla ya kuonekana, huenda anayasoma kwanza. Si dharau.

Ukiandika, taja sentensi unayoizungumzia. “Makala nzuri sana” humfurahisha mwandishi lakini haimsaidii; “aya ya tatu umekosea mwaka” ndiyo humrudisha mezani. Namba yako ya simu usiiweke hadharani. Wala usiogope makala kuwa ya zamani: blogu nyingi humpelekea mwenyewe taarifa kwa barua pepe kila maoni yanapoingia, hata kwenye jambo aliloandika miaka minane iliyopita na kulisahau.