Mawimbi ya Ngao: Kuisoma Nembo ya Taifa kutoka Igawa



Neno nembo halikuzaliwa ofisini. Katika Kiswahili cha zamani lilitaja chale zilizochanjwa mwilini ili mtu atambulike ni wa jamaa gani. Wamakonde nao huziita dinembo. Kwa hiyo, tusemapo Nembo ya Taifa, tunataja alama isiyofutika, nayo humdai mwenye kuibeba.

Nembo yetu ni ngao iliyosimama juu ya Mlima Kilimanjaro. Mwanamume na mwanamke wameshika pembe za ndovu pande zake mbili. Miguuni pa mwanamume pana karafuu, pa mwanamke pana pamba. Sehemu ya juu, yenye mwenge, ni ya dhahabu, ishara ya madini. Chini yake ipo bendera. Kisha wekundu wa ardhi yenye rutuba, penye jembe na shoka vilivyopishana. Mkuki hulinda uhuru. Chini kabisa ni mawimbi ya buluu na meupe.

Mawimbi hayo ndiyo hoja yangu. Katika nembo za meli za kivita, mistari ya namna hiyo husomwa kuwa bahari. Ya kwetu huelezwa kuwa bahari na maziwa. Mimi naongeza mito. Mto Mbarali, upitao hapa Igawa, huingia Ruaha Mkuu; Ruaha Mkuu huingia Rufiji; na Rufiji humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi. Hivyo basi, mtu wa Igawa asiyepata kuiona pwani naye yumo katika mawimbi yale.

Hata hivyo, tangu miaka ya 1990 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na umwagiliaji wa mashamba ya Usangu umetajwa miongoni mwa sababu zake. Mpunga ule ni chakula chetu. Sisemi jembe liwekwe chini. Nasema tu kwamba katika ngao jembe limekaa juu ya mawimbi, wala halikuyafuta.

Tumalizie na maneno ya utepe: Uhuru na Umoja. Huru lina asili ya Kiarabu, -moja ni la Kibantu. Kiambishi u- kimeyaingiza katika ngeli moja. Uhuru humruhusu mkulima wa juu kuchota. Umoja humkumbusha aliye chini. Baina yao pana kiunganishi kidogo: na. Hakikuandikwa au.