Sikio la mtoto: kibanio cha wiki chache au upasuaji?

Mtoto aliyezaliwa na sikio lililochomoza, au lililojikunja kwa juu, kwa kawaida husikia vizuri kama wenzake. Kasoro ni ya umbo tu, na ndiyo maana bima nyingi huihesabu kuwa suala la urembo. Pesa zitatoka mfukoni mwa mzazi, na kiasi chake kinategemea zaidi umri wa mtoto kuliko hospitali utakayochagua.

Siku za mwanzo, homoni za mama zilizobaki mwilini mwa mtoto huliacha gegedu la sikio likiwa laini. Wiki chache baadaye linakakamaa. Kibanio kikianza ndani ya wiki 3 za kwanza, masikio mengi hukaa sawa bila kisu. Chenyewe ni waya mwembamba uliovishwa mpira laini, ukakunjwa kufuata ukingo wa sikio na kushikiliwa kwa plasta ya ngozi, usiku na mchana, kwa wiki 2 hadi 6. Uingereza wazazi hununua vibanio vya EarBuddies na kuvifunga wenyewe nyumbani. Marekani kuna EarWell, ambacho hufungwa na daktari na ni ghali zaidi. Wewe usijaribu na waya wa dukani: ngozi ya kichanga huchubuka upesi. Yapo masikio yanayojinyoosha yenyewe, kwa hiyo kusubiri siku 7 hakuna hasara. Kusubiri miezi 3 kwa kuambiwa "atakua tu" ndiko kunakowagharimu wazazi, na inauma, kwa sababu mara nyingi hakuna aliyewadokeza mapema.

Ukichelewa, unabaki upasuaji, kwa kawaida kuanzia miaka 5, sikio linapokaribia ukubwa wa utu uzima. Daktari huchana nyuma ya sikio na kulikunja gegedu kwa nyuzi za kudumu. Mtoto mdogo hupewa nusu kaputi, hufungwa bandeji siku kadhaa, kisha huvaa kitambaa cha kichwani usiku kwa wiki kadhaa. Uingereza, hospitali binafsi hutoza kuanzia takriban pauni 2,500. Marekani ada ya daktari peke yake kwa wastani hupita dola 4,000, bila chumba cha upasuaji wala nusu kaputi.

Kwetu kuna jambo la kupima kabla ya bei: keloidi. Kama mama, baba au bibi aliota kovu nene alipotoboa masikio au kuchanjwa, mwambie daktari kabla hujalipa chochote, maana mtoto naye akiota kovu kama hilo, linaweza kuonekana zaidi ya kasoro yenyewe.

Na mtoto asiyesumbuliwa na sikio lake asipelekwe kupasuliwa kwa sababu ya maneno ya shangazi. Akiomba mwenyewe, dai bei kwa maandishi: daktari, nusu kaputi, kitanda, dawa na marudio ya kliniki. Uliza pia nani atalipa iwapo uzi utakatika na sikio kuchomoza tena.