Chunjua na Sugu: Weka Wembe Chini Kwanza



Mwezi wa kumi, kabla mvua ya vuli haijaanza, tulitembelea kikundi kimoja cha mwethya huku Ukambani. Siku hiyo walikuwa wakichimba matuta ya fanya juu katika shamba la mwenzao. Kazi hiyo mnaijua: mchanga unatupwa juu kwa sepetu kuanzia asubuhi hadi jua kali, na mikono inachoka kabisa.

Wakati wa chai tuliona mambo mawili. La kwanza, mama mmoja aliketi kando peke yake na kikombe alichotoka nacho nyumbani. Tulipouliza tukaambiwa polepole, "Huyo ana vitu kwenye mikono. Tunaogopa atatuambukiza." Tulitazama mikono yake. Zilikuwa chunjua saba au nane, basi.

La pili, mzee mmoja alikuwa amevua kiatu na anakata sugu ya kidole cha mguu kwa wembe. Alipomaliza, jirani yake akauomba wembe ule ule naye akakata yake. Watu walicheka, nasi tukacheka pamoja nao. Hatukusema lolote kwa sababu tuliona ni jambo dogo.

Baada ya wiki chache tulisikia kwamba kidole cha yule mzee kimeoza. Huko hospitalini alipimwa, akaambiwa ana ugonjwa wa sukari, ambao hakuwa anaujua. Kidole kilikatwa. Mzee mwenyewe alitwambia, "Nilijikata kidogo tu, na sikusikia uchungu." Kumbe kutosikia uchungu ndiko kulikuwa dalili.

Kikundi kile kiliogopa mikono ya mama yule, ambayo haikuwa na hatari kubwa, na hakikuogopa wembe. Sisi pia tulikosea. Kwa hivyo katika toleo hili tungependa kueleza chunjua ni nini, sugu ni nini, na kila moja inatibiwa namna gani.

CHUNJUA NI NINI?

Chunjua ni kinyama kidogo kigumu kinachoota juu ya ngozi. Huota sana kwenye vidole, mgongo wa mkono, magoti na nyayo. Wengine husema eti inaletwa na kushika chura, au kuhesabu nyota, au kurogwa na jirani. Mambo hayo si kweli. Chunjua inaletwa na virusi vinavyoitwa HPV. Virusi hivi viko vya aina zaidi ya 100, na aina zinazoleta chunjua za mikono hupenda kuingia mahali ngozi imechubuka au imelowa maji kwa muda mrefu.

Huambukizwa kwa kugusana ngozi kwa ngozi, kwa kutumia taulo moja au wembe mmoja, na kwa kutembea bila viatu katika bafu ya watu wengi, kwa mfano shule za bweni. Mtu anaweza pia kujisambazia mwenyewe kwa kujikuna, kung'ata kucha, au kunyoa ndevu juu ya chunjua. Baada ya virusi kuingia, miezi inaweza kupita kabla chunjua haijaonekana. Hii ndiyo sababu ni vigumu kusema, "Nimeambukizwa na fulani."

Je, kunywa chai pamoja huleta chunjua? Hapana. Kula pamoja? Hapana. Kusalimiana kwa mkono hatari yake ni ndogo, hasa kama ngozi yako ni nzima. Mwenye chunjua anaweza kufunika kwa plasta akienda kazini, na hiyo inatosha.

Watu pia husema chunjua ina mizizi inayofika kwenye mfupa, kwa hivyo lazima ichimbwe. Hii nayo si kweli. Chunjua inakaa katika ngozi ya juu tu. Ukiichimba utapata kidonda na kovu, na damu na majimaji yake yanaweza kupeleka virusi mahali pengine. Ndiyo maana mtu anakata moja, na baada ya muda anahesabu tano.

SUGU NI NINI?

Sugu haina virusi wala haiambukizi mtu. Ni ngozi inayojikinga. Mahali panaposuguliwa au kukandamizwa kila siku, ngozi hujiongezea unene. Mpini wa jembe huleta sugu ya kiganja. Kiatu kinachobana huleta sugu juu ya kidole au kando ya kidole kidogo. Hata akala zinaweza kuleta sugu kama ukanda wake unasugua mahali pamoja.

Sugu ya kiganja mara nyingi haiumi, na mkulima hana haja ya kuiondoa yote kwa sababu inamsaidia kazi. Lakini iko sugu nyingine ndogo, ya mviringo, yenye kiini kigumu katikati. Hiyo huota kwenye vidole vya miguu. Kiini kinasukumwa ndani kila ukikanyaga, na mtu huhisi kama ana kijiwe ndani ya kiatu. Hii ndiyo inayofanya watu wachukue wembe.

JINSI YA KUZITOFAUTISHA

Kwenye mkono si vigumu. Kwenye wayo ndipo watu huchanganyikiwa, kwa sababu chunjua ya wayo hukandamizwa ikawa bapa kama sugu. Osha mguu, kaa penye mwanga, halafu angalia mambo haya matatu:

1. Mistari ya ngozi. Ngozi ya wayo ina mistari kama ile ya alama ya kidole gumba. Kwenye sugu, mistari inapita juu yake. Kwenye chunjua, mistari inakatika au inazunguka kando.

2. Vitone vyeusi. Chunjua ikisuguliwa kidogo juu huonyesha vitone vyeusi kama ncha ya sindano. Watu huviita mbegu, lakini ni mishipa midogo ya damu iliyoganda. Sugu haina vitone hivyo.

3. Uchungu. Finya kutoka pande mbili kwa vidole viwili. Ukiumia zaidi hapo, huenda ni chunjua. Ukiumia zaidi ukibonyeza moja kwa moja kutoka juu, huenda ni sugu.

Angalieni pia isiwe funza. Funza ana kitone kimoja cheusi katikati ya uvimbe mweupe, naye huwasha. Matibabu yake ni mengine, na pini ya kumtoa isitumiwe na watu wawili.

KUTIBU CHUNJUA

Dawa ya kwanza ni subira. Kwa watoto, karibu nusu ya chunjua hupotea zenyewe ndani ya mwaka mmoja, na nyingi za zilizobaki hufuata katika mwaka wa pili, kwa sababu mwili unajifunza kupigana na virusi. Hapa ndipo waganga wengi hupata sifa. Mtu ametoa kuku au pesa, chunjua ikaondoka, kumbe wakati wake ulikuwa umefika.

Kama chunjua inaumiza au inakuzuia kazi, nenda kwa kemisti uulize dawa ya chunjua yenye asidi ya salisiliki. Itumie hivi:

- Loweka mahali hapo katika maji ya vuguvugu kwa dakika 5 hadi 10, kisha kausha.
- Sugua polepole sehemu ya juu iliyokufa kwa tupa ya kucha. Tupa hiyo iwe ya chunjua tu, usiitumie kwa kucha nzima. Usisugue hadi damu itoke.
- Paka vaselini kuzunguka chunjua ili dawa isichome ngozi nzima.
- Weka dawa kidogo juu ya chunjua yenyewe, iache ikauke.
- Rudia kila siku. Ngozi ikiwa nyekundu au ikiuma sana, pumzika siku chache halafu uendelee.

Kazi hii inaweza kuchukua wiki 12. Watu wengi huacha baada ya wiki mbili wakisema dawa ni ya bure. Dawa siyo ya bure, ila inataka uvumilivu, kama kupalilia. Zikikataa kabisa, hospitali nyingine zinaweza kuzigandisha kwa hewa ya nitrojeni iliyofanywa maji, yenye baridi kali sana. Hata hivyo mara nyingi huhitaji kurudi zaidi ya mara moja.

Tafadhali msitumie asidi ya betri ya gari. Tumeona mikono iliyochomeka nayo. Utomvu wa mnyaa, ule mti wa ua unaotoa maziwa meupe, nao huchoma ngozi, na ukiingia machoni unaweza kuharibu macho. Kufunga chunjua kwa uzi au unywele wa mkia wa ng'ombe huleta kidonda.

KUTIBU SUGU

Hapa dawa ni kuondoa kinachosugua. Ukikata sugu na kurudi katika kiatu kile kile, ni kama kufagia mchanga huku upepo ukivuma. Itarudi tu.

Fanya jaribio hili. Simama juu ya karatasi bila kiatu, na mwenzako achore mguu wako kwa kalamu. Kata mchoro huo, uweke juu ya soli ya kiatu chako. Kama karatasi inatokeza nje pande zote mbili, umepata sababu ya sugu yako. Siku ya kununua viatu, hata vya mitumba, vijaribu jioni kwa sababu miguu huvimba kidogo mchana. Simama navyo, usivijaribu ukiwa umekaa.

Kisha fanya hivi:

- Loweka miguu katika maji ya vuguvugu yenye sabuni kwa dakika 10.
- Sugua sugu polepole kwa jiwe la kusugulia visigino. Ondoa kidogo kidogo kwa siku nyingi, usitake kumaliza siku moja.
- Paka vaselini kila usiku.
- Kata kipande cha sponji kiwe kama pete, ukiweke ili sugu ikae katika tundu na isiguswe na kiatu.
- Kwa mikono, lainisha mpini wa jembe kwa msasa, au uzungushie kitambaa.

WATU WASIOFAA KUJITIBU

Mwenye ugonjwa wa sukari, au mtu yeyote ambaye miguu yake imekufa ganzi, asikate sugu wala chunjua na asitumie dawa hizi za asidi, pamoja na zile plasta za sugu za dukani. Hatasikia akichomeka, na kidonda chake huchelewa kupona. Aende kwenye dispensari au kituo cha afya. Nyumbani atazame miguu yake kila jioni, hata kati ya vidole. Kama macho yamepungua nguvu, mjukuu amsaidie kutazama.

Kama hujapimwa sukari, pimwa. Tangu Septemba 2023 serikali imekuwa ikiwapa wahudumu wa afya ya jamii mikoba yenye vifaa vya kupima presha na sukari. Muulizeni wa kijiji chenu.

Dawa ya chunjua ya mkono isipakwe usoni wala sehemu za siri. Chunjua za sehemu za siri huletwa na aina nyingine za virusi vya HPV, na huambukizwa kwa kujamiiana. Tunajua watu huona aibu kusema. Muuguzi ameona nyingi, hatakucheka. Aina nyingine tena za virusi hivi ndizo zinazoleta saratani ya mlango wa kizazi, kwa hivyo akina mama, ulizeni kipimo chake kliniki. Tangu Oktoba 2019 serikali hutoa chanjo yake kwa wasichana kuanzia miaka 10.

NENDA HOSPITALI UPESI KAMA:

- Uvimbe unakua haraka, unatoka damu wenyewe, au ni kidonda kisichopona kwa mwezi mmoja. Ndugu zetu wenye ualbino wasingoje hata kidogo.
- Kuna doa jeusi linaloenea kwenye wayo au chini ya ukucha, na hukujigonga.
- Mtu mzima ametokwa na chunjua nyingi kwa ghafula. Kinga ya mwili inaweza kuwa imepungua. Ni vizuri apimwe, pamoja na kipimo cha virusi vya ukimwi, kwa sababu dawa zipo na zinasaidia.
- Mahali ulipojikata pamevimba, pana joto au usaha.

Na jambo la mwisho kuhusu wembe. Wembe mmoja kwa watu wawili unaweza kupitisha ukimwi na ugonjwa wa ini kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Hata kama ni ndugu yako, hata kama ni mwanakikundi mliyeanza naye.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Je, kuna mtu katika kikundi chetu anayekaa kando kwa sababu ya ngozi yake? Ni nani atakayemwendea?
2. Ni nani kati yetu hajawahi kupimwa sukari? Tutamwita mhudumu wa afya siku gani?
3. Kila mmoja achore mguu wake kwenye karatasi. Ni wangapi viatu vinawabana?
4. Tunatumia nini kutibu chunjua hapa kwetu? Kipi ni salama, na kipi tuache?

Tuliporudi kwa kikundi kile tulifanya somo hili chini ya mwembe. Yule mzee alikuja na fimbo yake, akavua kiatu, akawaonyesha wote mahali kidole kilipokuwa. Hakuna aliyecheka. Na chai ilipoletwa, yule mama ndiye aliyemimina.