Pai Inayopikwa Kifudifudi

Sukari ikitaka kuungua haipigi hodi. Sasa hivi inatokota taratibu, rangi yake ya asali. Ukigeuka kutafuta kitambaa cha kushikia sufuria, imeshakuwa nyeusi na moshi umejaa jikoni. Nimeunguza sufuria mbili namna hiyo nikijifunza kupika tarte Tatin, pai ya matufaha ya Kifaransa. Ya tatu haikuungua, ila niliyokula siku hiyo sitaki kuyakumbuka: uji wa matufaha, na juu yake unga uliolowa kama mkate uliosahauliwa ndani ya chai. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba muda wote nilikuwa naogopa moto, kumbe wa kuogopwa ni maji.

Pai hii inatajwa pamoja na Lamotte-Beuvron, mji mdogo wa eneo la Sologne, kusini mwa Orléans. Mwishoni mwa karne ya 19 dada wawili, Stéphanie na Caroline Tatin, walikuwa na hoteli yao mkabala na stesheni ya reli. Inasimuliwa kwamba siku moja ya pilikapilika Stéphanie, ambaye ndiye aliyekuwa mpishi, aliyasahau matufaha kwenye siagi na sukari mpaka yakaanza kunukia kuungua. Akayafunika kwa unga uliosukumwa, akatia chombo chote jokoni, akapindua, na wageni wakajilamba vidole. Kisa kitamu, ila mimi sikiamini. Pai za kupinduliwa zilikuwa zikipikwa Sologne kabla ya akina Tatin, na ukiitazama kwa jicho la fizikia utaona mpangilio huu si wa kubahatisha hata kidogo.

Pai ya kawaida hulala chali: unga chini, tunda juu. Sasa, asilimia 85 hivi ya tufaha ni maji. Kilo moja ya matufaha ina gramu kama 850 za maji, na yakipata joto yanashuka chini, ulipo unga. Tarte Tatin hulala kifudifudi. Tunda linagusa chuma chenye moto, na unga unakaa juu kama kifuniko, ukipigwa na hewa kavu ya joko, mbali na mchuzi. Kila mmoja anapata moto unaomfaa.

Lakini kupindua peke yake hakutoshi, nami nilishapindua uji wangu nikaona. Maadamu maji ni mengi ndani ya sufuria, joto lake halipandi sana juu ya nyuzi 100, hata ukiongeza moto namna gani. Nguvu yote inaishia kwenye mvuke. Sukari ya kawaida nayo haianzi kubadilika rangi kwa haraka mpaka ifike karibu nyuzi 160 au 170. Kupasha gramu moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 kunahitaji jouli kama 315. Kuigeuza gramu hiyohiyo iwe mvuke kunahitaji jouli 2,260 hivi, yaani mara saba. Ndiyo maana mpishi anayekuahidi kwamba matufaha yatakuwa tayari jikoni kwa dakika 10 anakudanganya. Mimi huyapa 25, wakati mwingine zaidi, kabla sijafunika kwa unga.

Saa si muhimu sana, sikiliza. Mwanzoni sufuria inalia kama mvua ya rasharasha juu ya bati, mapovu madogo mepesi yakipasuka ovyo. Maji yakipungua sauti inazama. Mapovu yanakuwa makubwa, mazito, yanapasuka mojamoja kama ya uji wa ulezi ulioiva. Rangi inaanza kugeuka pembeni, kwenye ukuta wa chuma, kisha inatambaa kuelekea katikati.

Kinachotokea hapo si kigeni kwa yeyote aliyewahi kupika kashata za njugu. Sukari yetu ya mezani ni sukrosi, na joto huivunja kuwa glukosi na fruktosi, kisha hizo nazo zinapoteza maji, zinavunjika na kuungana upya kuwa mamia ya vitu vingine: diasetili yenye harufu ya siagi, maltoli yenye harufu ya mkate uliobanikwa, na molekuli kubwa za kahawia zenye uchungu kidogo. Vitabu vingi vinasema sukari huyeyuka kwenye nyuzi 186. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walionyesha kwamba jambo lenyewe si kuyeyuka kama barafu inavyoyeyuka. Sukari inavunjika, na joto la kuvunjika linategemea kasi ya kuipasha. Ukienda polepole, inageuka rangi mapema.

Anayepika shira ya kaimati anajua kukamulia ndimu ili sukari isirudi kuwa chenga. Asidi inaivunja sukrosi, na mchanganyiko wa sukari tofauti hauwezi kujipanga vizuri kuwa fuwele. Ndani ya tarte Tatin kazi hiyo inafanywa na tunda lenyewe, kwa asidi yake ya maliki. Siagi nayo ina protini kidogo za maziwa, na zikikutana na sukari kwenye joto zinazaa kahawia nyingine, ile aliyoieleza mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912. Ni jamaa wa harufu ya nyama choma na ya kahawa.

Tunda lenyewe sasa. Pwani ukisema tofaa, watu wengi watakuletea lile tunda jekundu lenye maji mengi na harufu ya waridi. Halifai kabisa hapa. Tafuta lile ambalo sokoni wanaliita epo, la kijani na chachu, Granny Smith. Uchachu wake ni nguzo: pektini, gundi inayoshika seli za tunda, huvunjika polepole zaidi penye asidi. Epo jekundu laini ndilo lililonipa uji. Kuna na ujanja mwingine. Ukivipasha vipande taratibu na kuviacha kati ya nyuzi 55 na 65 kwa nusu saa hivi, kimeng'enya kilichomo ndani ya tunda huibadilisha pektini hadi ishikane na kalsiamu, na baada ya hapo vipande havipondeki kirahisi hata vikichemka.

Vipange kwa kusimama, vibanane kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni. Karibu robo ya ujazo wa tufaha ni hewa, ndiyo maana huelea majini. Hewa ikitoka pamoja na maji, sufuria iliyofurika inabaki na mapengo. Kwa sufuria ya sentimita 24 mimi hutumia kilo moja na robo, sukari gramu 150 na siagi gramu 80.

Kuhusu unga sina maneno mengi. Sugua siagi baridi kwenye ngano, maji kidogo, uache kwenye friji. Ukiishi Dar au Mombasa fanya alfajiri, kwani siagi huanza kulegea kabla hata ya nyuzi 30. Joko liwe nyuzi 190, dakika 35.

Ikitoka, subiri dakika 10 ili pektini na sukari zishikane. Ukichelewa sana sukari itaganda chini. Rudisha sufuria motoni nusu dakika. Funika kwa sahani pana, shika kwa vitambaa viwili, maana sukari ya moto ikikugusa haibanduki, kisha pindua kwa mkupuo mmoja. Kipande kimoja hung'ang'ania sufuria kila mara. Kibandue kwa mwiko ukirudishe kwenye pengo lake, au kile hapohapo jikoni kabla wageni hawajakiona.