Kibondo hadi Kasulu kwa Ndege

Paukwa! Pakawa! Sogeeni karibu, wajukuu zangu, na mwenye daftari alifungue, maana hadithi ya leo ina hesabu ndani yake.

Ndege ikiruka kutoka Kibondo, itafika Kasulu baada ya muda gani? Tuanze na umbali. Kwenye ramani, Kibondo iko karibu na nyuzi 3 na dakika 35 kusini mwa ikweta. Kasulu, nyuzi 4 na dakika 35. Dakika hizi si za saa. Nyuzi moja ina dakika 60, na kila dakika ni maili moja ya baharini, yaani mita 1,852. Rubani naye huhesabu kwa maili hizo hizo za nahodha.

Basi Kasulu iko kusini zaidi kwa dakika 60: kilomita 111. Tena iko magharibi zaidi kwa dakika 37, na kwa kuwa sisi ni majirani wa ikweta, hizo nazo tunazihesabu vilevile: kilomita 68 hivi. Choreni pembetatu mraba yenye pande hizo mbili. Kanuni ya Pythagoras itawapa upande wa tatu: kilomita 130. Hiyo ndiyo njia ya angani.

Ardhini mambo ni mengine. Milima ya Buha haikubali kukatwa kama kitambaa. Hata mto Malagarasi, ambao chanzo chake hakiko mbali na Ziwa Tanganyika, huzunguka kilomita 475 hivi kabla ya kumwaga maji yake ziwani. Barabara nayo hupinda, hupanda na kushuka, ndiyo maana basi hutembea zaidi ya kilomita 130 hizo.

Sasa muda. Ndege ndogo aina ya Cessna Caravan huenda kama kilomita 300 kwa saa. Gawanyeni: dakika 26. Msishangilie bado! Ongezeni kutembea uwanjani, kupaa, kupunguza mwendo, kugeuka na kuulenga uwanja. Safari itazidi nusu saa. Na ndege kubwa ya kilomita 850 kwa saa? Hesabu itasema dakika 9, lakini hesabu hiyo inadanganya. Ndege hiyo huhitaji kama dakika 20 kufika kimo cha mita 10,000. Kasulu ingekuwa imeshapitwa, nayo bado inapanda.

“Babu, tiketi inakatwa wapi?” Hapo ndipo penye kichekesho. Ndege za abiria zenye ratiba hutua Kigoma mjini. Mtu wa Kibondo akitaka kuzipanda, hushika basi la kwenda Kigoma, na basi hilo hupitia wapi? Kasulu! Akifika hapo, ashuke tu, safari imekwisha.

Kwa hiyo mtu akiwaambia “ni dakika 9 tu,” muulizeni maswali matatu: ni ndege gani, itaruka kutoka uwanja upi, na nitafikaje uwanjani?

Kazi ya nyumbani: Kigoma iko kwenye nyuzi 4 na dakika 53 kusini, kutoka Kasulu ni dakika 28 kuelekea magharibi. Tafuteni njia ya angani. Atakayepata kilomita 62 hivi amepatia. Kisha anieleze kwa nini barabarani ni kama 90.