Kijiji cha dhahabu kilichowasubiri Simba Wasiofugika usiku wa manane

ILIKUWA usiku wa manane, Mei 2002. Watu wa Nakatsue, kijiji cha milimani kusini mwa Japan chenye wakazi wapatao 1,300, walikuwa bado macho. Walikuwa wanaisubiri Cameroon, mabingwa wa Afrika, waliochagua kuweka kambi kijijini kwao kabla ya Kombe la Dunia.

Simba Wasiofugika walitakiwa wawe wamefika siku kadhaa nyuma. Mvutano wa posho uliwakwamisha Paris, ratiba ikapanguliwa, mapokezi yakaahirishwa. Walipotokea hatimaye, tena usiku wa manane, wanakijiji waliwapokea kwa shangwe kama vile hakuna kilichoharibika.

Cameroon hawakufika mbali. Walitoka sare 1-1 na Ireland, wakaifunga Saudi Arabia 1-0, wakachapwa 2-0 na Ujerumani na safari ikaishia hatua ya makundi. Lakini Nakatsue ilishajulikana Japan nzima, na urafiki wake na Cameroon ukaendelea hata baada ya mashindano.

Kwa shabiki wa Ringwani, wilayani Serengeti, kijiji hicho si cha ajabu sana. Nakatsue iliishi kwa dhahabu. Mgodi wake wa Taio ulifungwa mwaka 1972, na vijana wakafungasha kwenda kutafuta maisha mijini. Ng'ambo ya Mto Mara kutoka upande wa Serengeti kuna Nyamongo, kwenye mgodi wa North Mara. Stori ya watu wanaoishi na dhahabu, huku hawajui kesho yake, haihitaji mkalimani.

Swali ni hili: hawa Wajapani ni watu wa namna gani?

VISIWA, MILIMA NA MATETEMEKO

Japan ni nchi ya visiwa tupu. Vikubwa ni vinne: Honshu, uliko mji wa Tokyo, Hokkaido wenye baridi kali, Shikoku na Kyushu, iliko Nakatsue. Vidogo ni maelfu. Eneo lote ni kama kilomita za mraba 378,000, yaani Tanzania inaizidi zaidi ya mara mbili. Lakini humo wamo watu zaidi ya milioni 120.

Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ni milima na misitu, hivyo watu wamebanana kwenye mabonde na pwani. Ardhi yenyewe haitulii. Machi 11, 2011, tetemeko na tsunami viliua zaidi ya watu 15,000 kaskazini mashariki mwa nchi. J-Village, kituo cha mazoezi ya soka kilichopo Fukushima, kiligeuzwa kambi ya wafanyakazi waliokuwa wanapambana na ajali ya mtambo wa nyuklia.

Miezi minne baadaye, timu ya wanawake ya Japan ilitwaa Kombe la Dunia nchini Ujerumani. Ilitoka nyuma mara mbili dhidi ya Marekani, nahodha Homare Sawa akasawazisha 2-2 dakika za lala salama za muda wa nyongeza, kisha wakashinda kwa penalti 3-1. Kwa nchi iliyokuwa bado inawazika watu wake, lile halikuwa kombe la kabatini.

FAGIO SI ADHABU

Waliojazana vibanda umiza mwaka 2022 wanakumbuka Japan ilivyoipiga Ujerumani 2-1 kule Qatar, kisha Hispania nayo ikala 2-1. Wanakumbuka pia mashabiki wa Japan waliobaki jukwaani na mifuko wakiokota taka. Walifanya hivyo hata kwenye mechi ya ufunguzi kati ya Qatar na Ecuador, ambayo timu yao haikucheza.

Wapo waliosema ni kutafuta sifa. Ukweli uko shuleni. Kwenye shule nyingi za Japan, wanafunzi wenyewe ndio wanaofagia darasa, kupiga deki korido na kugawa chakula cha mchana kwa zamu. Anafanya mtoto wa bosi, anafanya mtoto wa mkulima.

Hapo mtu wa Mara atasema: mbona na sisi watoto wanabeba fagio na kidumu cha maji kwenda shule? Ni kweli. Ila kwetu, mara nyingi fagio humwangukia aliyechelewa au aliyekosea. Mtoto anakua akijua kusafisha ni adhabu. Japan ni ratiba ya kila mtu, na mtoto huyo akikua akaenda uwanjani, anaokota kopo lake bila kutumwa.

Jambo jingine ambalo Wangoreme na Wakurya watalielewa haraka ni rika. Japan, aliyekutangulia shuleni, kazini au kwenye timu ni mkubwa wako, anaitwa senpai. Unamsalimu kwanza, unamsikiliza, naye ana wajibu wa kukufundisha na kukubeba. Salamu ni kuinama, na anayeheshimiwa zaidi anainamiwa zaidi. Kocha Hajime Moriyasu, baada ya Japan kutolewa na Croatia kwa penalti mwaka 2022, alikwenda mbele ya mashabiki akainama. Hakuhitaji maneno.

Elimu nayo haichezewi. Winga Kaoru Mitoma alipopata nafasi ya kupanda timu ya wakubwa ya Kawasaki Frontale, aliomba kwanza aende Chuo Kikuu cha Tsukuba. Huko aliandika utafiti wake kuhusu chenga. Mabeki wa Ligi Kuu England wamelipa ada hiyo.

TIMU ZA KAMPUNI ZILIVYOGEUKA ZA MJI

Kabla ya 1993, soka la Japan lilikuwa la makampuni. Wachezaji wengi walikuwa wafanyakazi, na majukwaa yalikuwa matupu. Ni hali ambayo Tanzania inaijua, maana timu za majeshi, polisi na viwanda zimebeba ligi yetu miaka mingi.

J.League ilipoanza Mei 1993 na klabu 10, iliweka masharti. Jina la kampuni litoke kwenye jina la timu, na kila klabu iwe na mji wake. Timu ya Mitsubishi ikawa Urawa Reds, ya Nissan ikawa Yokohama Marinos, ya Toyota ikawa Nagoya Grampus. Kampuni ziliendelea kutoa fedha, ila shabiki alipewa kitu cha kuita chake. Ligi hiyo ilitangaza pia dira ya miaka 100, ikiwemo kuhakikisha miji inakuwa na viwanja vya nyasi vya wananchi. Leo ina klabu 60 kwenye madaraja matatu.

Mfano mzuri ni Kashima, mji mdogo wa viwanda ambao timu yake ya Sumitomo Metal haikuwa hata daraja la kwanza. Waliambiwa hawana nafasi, labda wajenge uwanja wa kisasa wenye paa. Wakajenga. Wakamleta Zico, naye akapiga hat-trick kwenye mechi ya kwanza, Kashima Antlers ikaichapa Nagoya 5-0. Kufikia 2016 walikuwa na mataji manane ya ligi.

Kwenye mfumo huo ndimo alimopita jirani yetu Michael Olunga, aliyewahi kutamba na Gor Mahia ya Kenya. Novemba 24, 2019, akiwa Kashiwa Reysol, timu iliyozaliwa na kampuni ya Hitachi, alifunga mabao manane peke yake katika ushindi wa 13-1 dhidi ya Kyoto Sanga. Msimu uliofuata akapiga mabao 28 ligi kuu, akawa mfungaji bora na Mchezaji Bora wa J.League.

Watanzania nao Tokyo inawajua. Ndiko nchi yetu ilikoanzia Olimpiki mwaka 1964. Juma Ikangaa alishinda mbio za marathoni za mji huo mwaka 1984 na 1986. Na Septemba 2025, Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya dunia ya marathoni hapohapo, akimzidi Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 tu.

KIJIJI KISICHO NA WATOTO

Si kila kitu Japan ni cha kuiga. Kazi zinawatafuna hadi lugha yao ina neno la kufa kwa kufanya kazi kupita kiasi, karoshi. Karibu watu watatu kati ya kumi wana umri wa miaka 65 na zaidi. Vijijini shule zinafungwa kwa kukosa watoto. Nakatsue yenyewe ilimezwa na mji wa Hita mwaka 2005.

Mara ina kile ambacho Nakatsue imekikosa: watoto wamejaa, na mpira hata wa makaratasi unachezwa kila jioni. Kinachokosekana ni timu ya kuwabeba. Biashara United ya Musoma, iliyozaliwa kutoka Polisi Mara, ilimaliza nafasi ya nne Ligi Kuu msimu wa 2020/21. Oktoba 2021 ikaifunga Al Ahli Tripoli ya Libya 2-0 kwenye Kombe la Shirikisho Afrika, kisha ikashindwa kusafiri kwenda kurudiana na kuondolewa. Msimu huohuo ikashuka daraja.

Timu iliyokuwa imeshinda uwanjani ilitolewa na safari. Kashima hawakuwa na watu wengi kuliko Mara, wala vipaji zaidi. Walikuwa na kampuni iliyokubali kuficha jina lake, serikali ya mkoa iliyojenga uwanja, na mashabiki walionunua tiketi. Mara dhahabu ingali inachimbwa. Huo ndio muda wa kujenga, maana Nakatsue wanajua siku mgodi unapofungwa vijana huwa hawaagi.